Je, Wajua? Kebo Moja, Maikrofoni 24
Kebo moja nene inayotoka jukwaani hadi kwenye mikisa ya fundi mitambo inaweza kubeba sauti za maikrofoni 24 kwa pamoja. Ndani yake kila maikrofoni ina jozi yake ya nyaya zilizosokotwa na kuvikwa kinga dhidi ya mvumo wa umeme.

Adui yake mkubwa ni mikono ya haraka baada ya onesho. Ukiikunja kwa kuizungusha upande uleule tu, shaba hujisokota ndani hadi ikakatika, na ganda la nje lisioneshe kitu! Mduara mmoja uwe wa kawaida, unaofuata ugeuzwe.

Ganda la poliyurethani hustahimili mikwaruzo zaidi kuliko la PVC. Na ili kuepuka mvumo, kebo hii isilazwe sambamba na nyaya za jenereta. Zikikutana, zipishane kwa digrii 90.