Injini Gani Itawekwa Bwera?

Mei 2020 mito ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, ilifurika kwa mkupuo mmoja: Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha. Hospitali ya Kilembe, ambayo ilikuwa imekwisha kupigwa na mafuriko ya Mei 2013, safari hii iliharibiwa vibaya na wagonjwa wakahamishwa. Madaraja yalikatika, na watu wa ng'ambo ya pili wakabaki kutazamana na wenzao bila njia ya kuwafikia. Ndiyo maana kila msimu wa mvua unapokaribia, Kasese haikosi mtu wa kuuliza kwa nini wilaya yetu haina gari linalopita nchi kavu na majini. Wazo hilo naliunga mkono. Ila nataka swali la pili liulizwe kabla ya hela kutoka: injini ya gari hilo ikifa, fundi wa Kasese au wa Bwera ataweka ipi mahali pake?

Magari yenyewe si ndoto. Jirani zetu wa Sudan Kusini wanayaona kila mara, maana Shirika la Mpango wa Chakula Duniani linatumia huko gari liitwalo Sherp kufikisha chakula kwenye maeneo yaliyomezwa na maji. Sherp lina matairi manne yenye kimo cha mita 1.6, sawa na mtu mzima, na ni matairi hayohayo yanayopiga maji na kulisukuma likielea, kwa mwendo wa kilomita 6 hivi kwa saa. Toleo lililolipatia jina lilibeba injini ya Kubota V1505, dizeli ya silinda nne na lita 1.5, yenye nguvu za farasi 44. Injini ya aina hiyo utaikuta pia kwenye trekta ndogo, kwenye jenereta na kwenye mashine za kuchimba mitaro. Waliounda gari lile hawakutafuta injini ya kutisha watu. Walichukua ile ambayo fundi wa mashine za shamba anaweza kuifungua na kuifunga.

Lakini Sherp ni ghali mno, na likija hapa litakuja kwa mkono wa shirika. Linaloweza kufika kwa mkono wa mtu binafsi au wa kanisa ni dogo zaidi, mfano wa Argo linalotengenezwa Ontario, Kanada, tangu 1967. Lina matairi sita au manane ya upepo mdogo na bodi ya plastiki iliyoumbwa kama beseni. Ukitaka kukata kona, magurudumu ya upande mmoja yanazuiwa na ya upande wa pili yanaendelea kuzunguka. Bodi ya namna hiyo haishiki kutu, kwa hiyo inaizidi umri injini yake. Magari ya zamani ya kundi hili yalikuwa na injini za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, na nyingi kati yake viwanda viliacha kuzitengeneza miaka mingi iliyopita. Wenye magari hayo huko Kanada na Marekani hung'oa injini ya zamani na kufunga injini ya kazi ya mipigo minne, kama Honda GX au Vanguard ya Briggs & Stratton, na gari linarudi barabarani na majini.

Mafundi wetu hawatishwi na kazi ya kupandikiza injini. Wameona Land Rover za zamani zikitembea na dizeli za Kijapani, na injini iliyokuwa kwenye pampu ya maji ikihamia kwenye mashine ya kusaga. Tuseme basi Argo limeletwa kwenye gereji ya Bwera, kilomita chache kutoka mpaka wa Mpondwe, na injini yake imekwisha. Fundi atatazama vitu vitatu vilivyo karibu naye.

Cha kwanza ni injini ya bodaboda. Bajaj Boxer zimejaa kila kona, na spea zake zinauzwa mpaka kwenye vituo vidogo vya milimani. Ile ya 150 inatoa nguvu za farasi 12, na kwa karatasi inatosha. Tatizo ni kwamba nguvu hiyo inapatikana injini ikilia kwa mizunguko 7,500 kwa dakika, na ule mkazo wa kuzungusha shafti hauzidi sana Nm 12. Isitoshe, injini hiyo inapozwa na upepo wa pikipiki inayokimbia. Ifungie ndani ya beseni la plastiki, gari likitembea polepole kuliko mtu kwa miguu, na jua la Kasese likiwa utosini: kabla ya kufika ng'ambo utakuwa unanusa chuma kilichoungua.

Cha pili ni dizeli ya Kichina ya kinu, ile ya silinda moja yenye hodhi la maji juu yake na gurudumu zito pembeni. Inatoa farasi 12 kwa mizunguko 2,000 tu, inakunywa kidogo, na inavumilia mateso. Uzito wake ni kilo 150 hivi, na hapo ndipo hesabu ya maji inapoanza.

Gari linaloelea linasukuma maji yenye uzito sawasawa na uzito wake. Chukua gari lenye urefu wa mita 2.5 na upana wa mita 1.2 pale linapogusa maji, yaani eneo la mita 3 za mraba. Kila kilo 30 unazoongeza zinalizamisha sentimita 1. Ukiondoa injini ya zamani ya kilo 40 na kuweka ya kinu, umeongeza kilo 110, na gari linashuka karibu sentimita 4 kabla hata mtu hajapanda. Hiyo ni kama uzito umesambaa sawa. Injini ikikaa mwisho mmoja, mwisho huo unashuka zaidi na mwingine unainuka, matairi ya upande ulioinuka yanakosa maji ya kusukuma, na wimbi dogo linaingia kwa kukaribishwa. Magari haya tangu kiwandani yanaruhusiwa mzigo mdogo zaidi majini kuliko nchi kavu. Mtu akiweka injini nzito anakula nafasi ya abiria, na abiria ndiye aliyefanya gari linunuliwe.

Kinachobaki ni injini ya petroli ya aina ya GX390, ya Honda yenyewe au nakala zake za Kichina ambazo ziko kwenye pampu na jenereta kila mahali. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 389, kilo 31 tu, mkazo wa Nm 26 na nukta kwa mizunguko 2,500, na feni yake mwenyewe ya kuipoza hata gari likiwa limesimama. Plagi, kabureta na kamba ya kuvutia ni vitu ambavyo kijana wa dukani Bwera anavitoa kwenye rafu bila kuuliza. Hii ndiyo ningeichagua mimi, na ndiyo inayodai ufundi mkubwa kuliko zote pale inapounganishwa na gari.

Magari mengi ya aina hii hayana klachi ya kukanyaga. Yana puli mbili zilizounganishwa kwa mkanda mpana wa mpira. Puli ya injini ina vyuma vidogo ambavyo, shafti ikizunguka kasi, hutupwa nje na kuzibana pande mbili za puli mpaka zishike mkanda. Springi inapinga kazi hiyo mpaka kasi itoshe. Injini ya mipigo miwili ilikuwa ikifika mizunguko 6,000 na zaidi, kwa hiyo springi na vyuma vyake vilipimwa vishike karibu na 3,000. GX390 ina gavana (kidhibiti kasi) anayeizuia ikifika kama 3,600. Fundi akihamisha puli ya zamani kama ilivyo, injini italia kwa nguvu zake zote huku puli ndiyo kwanza inaanza kushika. Mkanda utateleza, utatoa moshi, na mwenye gari atasema injini haina nguvu. Injini haina kosa. Inahitaji springi laini zaidi na vyuma vizito zaidi, au puli iliyotengenezwa kwa injini za mwendo wa chini. Wapo watakaoshauri gavana afunguliwe ili injini ikimbie zaidi, na nawaomba mafundi wetu wakatae. Konrodi ya injini hii haikuumbwa kwa kasi hiyo, na ikikatika inatoboa bloku, nawe uko katikati ya maji.

Halafu kuna shafti. Ya GX390 inayotumika sana ni nyoofu, kipenyo cha milimita 25.4, na ina mfereji wa kii. Puli nyingi za zamani zilikaa kwenye shafti iliyochongoka mbele. Hapo ni kwenda kwa mwenye lezi akachonge kitovu kipya, na asipokuwa makini kwa sehemu ndogo ya milimita, puli itacheza na kula mkanda kila wiki. Baada ya kufunga, fundi anaweka rula ndefu ya chuma usoni mwa puli zote mbili, anatazama mwanga unapopenya, analegeza bolti, anasogeza injini kidogo, anatazama tena. Kazi hiyo inaweza kumla mchana mzima na haionekani kwa mteja. Matundu ya bolti za injini yatobolewe kwenye fremu ya chuma, yasishuke kamwe hadi sakafu ya bodi, kwa kuwa kila tundu la sakafu ni mlango wa maji.

Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo kitabu cha Kanada hakitayatilia mkazo. Mji wa Kasese uko mita zaidi ya 900 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Ukipanda kuelekea vijiji vya juu unapoteza zaidi, na kabureta inamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. La pili linanihofisha zaidi. GX390 haina pampu ya oili, inarusharusha oili kwa kijiko kilichoko chini ya konrodi, na haitakiwi kufanya kazi ikiinama zaidi ya nyuzi 20. Kingo za mito ya kwetu ni kali kuliko hapo. Zile zenye kifaa cha kuhisi oili huzima zenyewe kikiona imepungua, na kuzima katikati ya mteremko, nusu majini, ni hatari. Kwa kazi ya miteremko ningelipa zaidi nipate injini yenye pampu ya oili.

Na tusidanganyane kuhusu Nyamwamba wenyewe. Mto ule ukifurika unabeba mawe makubwa na magogo, na hakuna gari la plastiki litakalouvuka siku hiyo. Faida iko siku zinazofuata, maji yakishatulia kwenye mashamba ya bondeni, na kule chini kwenye vinamasi vya Ziwa George, ambavyo tangu 1988 vinatambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Huko dawa, mbegu, mgonjwa na mama mjamzito wanaweza kubebwa pale ambapo pikipiki inazama na mtumbwi unakwama. Huko pia kuna viboko, na gari la kilomita 5 kwa saa halimkimbii kiboko. Jaribio la kwanza lifanyike kwenye bwawa lisilo na wanyama, kina cha maji kisizidi kiuno, magunia ya mchanga yakiwa badala ya abiria, na mstari wa rangi ukichorwa ubavuni kuonyesha gari limeshuka kiasi gani.

Wakati wa kununua ndipo pa kuyaweka haya yote. Halmashauri, kanisa au shirika litakaloleta gari la namna hii limwite fundi wa hapa kabla ya kusaini, afungue kifuniko, apime shafti, aandike ukubwa wa mkanda na aina ya puli, kisha ashuke sokoni Bwera na karatasi hiyo mkononi kuona kinachopatikana. Namba ya injini iko kwenye kitabu cha gari, na ikibadilishwa lazima ikaandikishwe upya, kwa hiyo gharama hiyo nayo ihesabiwe. Mkanda wa akiba ununuliwe siku ileile ya gari, na usiwe mmoja.