Mlango wa Chumba 111

Mazoezini, polisi hufundishwa kuuogopa mlango. Huunyatia wakiwa wamebana ukutani, mmoja nyuma ya mwenzake, bila neno. Bega likibanwa, safari imeanza. Wa kwanza akivuka kizingiti anakwenda kona moja, wa pili kona nyingine, kwa kuwa anayeganda katikati ya fremu ndiye anayepigwa. Na kabla mtu hajainua nyundo au mtaimbo, mkono mmoja hujaribu kitasa taratibu. Huenda mlango uko wazi.

Kitasa kama hicho ndicho kilichotawala ushahidi wa Kanali Steven McCraw, mkuu wa Idara ya Usalama wa Umma ya Texas, mbele ya maseneta wa jimbo hilo Juni 21, 2022. Dakika 3 tu baada ya muuaji kuingia Shule ya Msingi ya Robb mjini Uvalde, alisema, korido ilikuwa na polisi wa kutosha, wenye silaha na fulana za kuzuia risasi. Wakasubiri saa 1, dakika 14 na sekunde 8. Wakasubiri bunduki zaidi, wakasubiri ngao, kisha ufunguo. Ufunguo! Kwa maelezo ya McCraw, mlango wa Chumba 111, alimokuwa muuaji, haukuweza hata kufungwa kwa ndani, na mwalimu alikwisharipoti ubovu wake. Video haikuonyesha mtu yeyote akiujaribu.

Mkuu wa polisi wa shule alikuwa amedai kinyume: aliujaribu, akaukuta umefungwa. Ripoti ya wabunge ya Julai ilisema huenda haukuwa umefungwa sawasawa.

Wanafunzi 19 na walimu 2 waliuawa.

Wala si kwamba hawakufundishwa. Tangu mauaji ya shuleni Columbine, 1999, polisi wa Marekani wameambiwa wasingoje kikosi maalumu; waingie. Polisi wa shule za Uvalde walifanya mazoezi hayo miezi miwili tu kabla. Basi nini kiliwazuia pale koridoni? McCraw alikuwa na jibu kavu: kamanda aliyetanguliza maisha ya askari mbele ya maisha ya watoto.

Ila kati ya maofisa 376 waliofika, 91 walikuwa wa idara yake mwenyewe. Oktoba, familia za waliouawa zilipomkabili zikimtaka ajiuzulu, alisema idara hiyo, kama taasisi, haikuiangusha jamii. Aliendelea na kazi hadi 2024.