Kujenga kwa mali ya watu: Marekani na China

Ulizo hili linatufikia mara nyingi: kati ya Marekani na China, wapi watu wenyewe, pasipo Serkali, wanatoa mali zaidi kwa kujenga? Wengine wanajibu upesi: katika Marekani, kwa kuwa ni inchi ya matajiri. Wengine: katika China, kwa kuwa huko viwanda vinaota kama uyoga. Yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara aliketi kwanza kuhesabu gharama. Sisi vilevile tuketi.

1. Tuelewe neno. Mali ya kujenga ni ile inayotolewa kwa vitu vya kudumu: nyumba, mashini, malori ya kazi. Mkate unaliwa leo; tanuru linaoka mikate miaka mingi. Tanuru ndilo linalohesabiwa. Lakini ukinunua tanuru la jirani, inchi haikupata tanuru jipya: limebadili mwenyewe tu.

2. Tutazame hesabu. Katika Marekani, kwa kila dola 100 za mapato ya inchi kwa mwaka, karibu 21 zinakwenda katika vitu vya kudumu, na 17 ao 18 kati yake zinatoka kwa watu na makampuni yao. Katika China ni karibu 40 kwa 100, na kwa miaka hii ya nyuma karibu nusu ya kazi za kujenga inaandikwa kuwa ya watu binafsi. Mwenye haraka atasema: nusu ya 40 ni 20, basi China imeshinda. Hapana. Ile nusu imetoka katika daftari lingine, ambamo bei ya ardhi na ya majengo ya zamani inaingizwa, na makampuni ya wageni yanawekwa kando. Marekani haihesabu ardhi, na kampuni ya mgeni inayojenga kwake inahesabiwa pamoja na zingine. Hatupimi nguo moja kwa mkono wa mtoto na nyingine kwa mkono wa mtu mzima.

3. Tuangalie mwendo. Katika China, mwaka 2016, kujenga kwa watu binafsi kuliongezeka 3.2 kwa 100 tu, na kwa makampuni ya Serkali 18.7. Mwaka 2023 kule kwa watu binafsi kulipungua kidogo, kwa sababu ya nyumba nyingi zilizojengwa kwa deni. Kampuni kubwa Evergrande ilishindwa kulipa mwaka 2021. Marekani ilikwisha kuonja uchungu huo tangu 2006 hata 2008. Basi wingi wa kujenga peke yake si dalili ya afya.

Mfano mmoja uko kwetu, Tenke-Fungurume. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani, Freeport-McMoRan, iliuza sehemu yake kwa China Molybdenum kwa dola miliardi 2.65. Watu wakasema: China imejenga. Lakini kwa feza ile hakuna tofali lililoongezwa. Kujenga kweli ni kile kiwanda kilichoanza kutoa shaba mwaka 2009, na upanuzi uliofuata baada ya 2021. Na kampuni ile ni ya nani? Tangu 2014 mwenye sehemu kubwa kupita wengine ni kampuni ya watu binafsi. Aliyemfuata kwa miaka mingi alikuwa Serkali ya mji wa Luoyang. Tuliite la watu ao la Serkali?

Papa Pio XI, mwaka 1931, alifundisha kwamba kazi inayowezekana kwa wadogo wakubwa wasiwanyang'anye. Papa Yoane Paulo II, mwaka 1991, aliongeza kwamba kuchagua pa kuweka mali ni jambo la zamiri, si la faida tu. Basi, ndugu mapadri na makatekista, wakristu wakiwauliza nani ameshinda, warudishieni maulizo matatu: Kimejengwa nini kipya? Mwenyewe ni nani? Nani atapata kazi na riziki humo? Asiyeyajibu hayo, asitangaze mshindi.