Huna Mashine? Kahawa ya Kuchuja Inatoka Fiti Hata kwa Keja Yako Hapo Voi

Msee wa Voi, cheki hii. Kahawa ya Kenya haikuanzia Nyeri wala Kiambu. Historia inaipeleka Bura, hapo tu ukishapita Mwatate, ambako mapadre Wafaransa waliipanda mwaka wa 1893. Mbegu zilitoka kisiwa cha Réunion. Sasa ingia keja nyingi hapa mjini leo utapata nini? Chai, ama ile kahawa ya kopo ya kukoroga. Manze, Bura inatuangalia tu.

Wengi wanadhani kahawa ya maana lazima utoboke pesa ya lunch pale mkahawani. Zi! Mwaka wa 1908 huko Dresden, Ujerumani, mama mmoja kwa jina Melitta Bentz alichoka kunywa kahawa yenye mashapo. Akatoboa chombo cha shaba, akatandika karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la kijana wake, akamwaga maji juu. Teknolojia yenyewe ni hiyo tu.

Wewe tafuta kahawa iliyosagwa, chujio la chai na kipande cha kitambaa cheupe cha pamba. Kitambaa kikiwa kipya kichemshe kwanza, la sivyo utakunywa harufu ya duka. Kwa kikombe cha robo lita, weka vijiko vitatu vikubwa vya kahawa, kama gramu 15. Isagwe saizi ya sukari. Ikiwa laini kama unga wa ugali, maji yatakwama na utapata uchungu wa dawa.

Hapa kwa maji ndio wasee huchoma. Kahawa inapenda nyuzi 92 hadi 96. Voi tuko chini, maji huchemka karibu nyuzi 98, so epua sufuria na uhesabu pole pole hadi sitini. Lakini ukiwa umeenda kwa nyanya yako Wundanyi, huko juu yanachemka karibu 95. Mwaga tu mara moja, usingoje. Na kama maji yenu ni ya kisima yenye chumvi, achana nayo. Tumia ya mvua ama ya kununua, maana kikombe kizima karibu chote ni maji.

Anza na maji kidogo, ya kulowesha kahawa yote, kisha ngoja sekunde 30. Ukiona inavimba na kutoa mapovu, hiyo ni gesi inatoka, kahawa bado ni freshi. Ikilala tu hapo kama matope, ilizeekea dukani. Maji yaliyobaki yamwage pole pole ukizungusha kutoka katikati, mara mbili tatu hivi. Yote yashuke kwa dakika tatu. Imetoka chungu sana? Siku nyingine isagwe kubwa kidogo. Imetoka chachu na nyepesi? Isagwe laini zaidi.

By the way, ile AA kwa pakiti ni saizi ya mbegu, haikuahidi utamu. Mimi naangalia tarehe ya kukaangwa kwanza.

Onja kabla ya kutia maziwa na sukari, utaskia uchachu wa matunda hapo ndani. Kitambaa usikioshe kwa sabuni. Suuza, chemsha, anika. Na hili jua la Voi, kabla umalize kikombe kitakuwa kimekauka.