Uchaguzi wa giaboksi otomatiki kwa magari ya misuli

Uchaguzi wa giaboksi otomatiki kwa magari ya misuli ni suala la kiufundi linalohusu magari ya Marekani ya miaka ya 1960 na 1970 yenye injini kubwa za silinda nane. Wamarekani huita gari la misuli lile gari la ukubwa wa kati, aghalabu la milango miwili, lililofungwa injini iliyokusudiwa gari kubwa zaidi. Linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza ni Pontiac GTO ya mwaka 1964, iliyokuwa na injini ya inchi za ujazo 389 (lita 6.4). Wenye magari hayo leo huongeza nguvu ya injini kupita kiwango cha kiwandani, kisha hukuta kwamba giaboksi haistahimili.

Kosa la kawaida ni kuchagua kwa kutazama idadi ya nguvu za farasi peke yake. Giaboksi huharibiwa na toki, uzito wa gari, joto na namna gari linavyoendeshwa. Ile inayofaa kwa mashindano ya mita 402 inaweza kuwa kero katika gari linalosafiri mwendo mrefu, na ile ya safari inaweza kuungua katika mashindano ya siku moja.

Mzigo wa giaboksi

Toki ni nguvu ya kuzungusha inayotolewa na injini, nayo hupimwa kwa niutoni-mita (Nm). Chevrolet Chevelle SS ya mwaka 1970 yenye injini ya LS6 ya inchi za ujazo 454 (lita 7.4) ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 450 na toki ya takriban Nm 678. Kwa kulinganisha, gari dogo la Kijapani la lita 1.5, la aina iliyozoeleka mitaani Dar es Salaam na Nairobi, hutoa takriban Nm 140. Hata hivyo, takwimu za zamani zisichukuliwe kama zilivyo. Hadi mwaka 1971 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa nje ya gari, bila mzigo wa vifaa vyake vyote. Kuanzia modeli za 1972 injini zilipimwa zikiwa na vifaa vyake, na idadi zikashuka hata pale ambapo injini yenyewe haikubadilika sana.

Kati ya injini na gia kuna konveta ya toki. Ndani yake kuna mapangaboi mawili yanayotazamana yakiwa yamezama katika mafuta: moja huzungushwa na injini na kuyasukuma mafuta, la pili husukumwa na mafuta hayo na kuzungusha gia. Kati yao kuna gurudumu dogo linaloyageuza mafuta yanayorudi ili yasaidie kusukuma. Kwa sababu hiyo gari linapoanza kuondoka konveta huweza kuzidisha toki karibu mara mbili. Injini ya Nm 678 inaweza basi kuipa giaboksi zaidi ya Nm 1,300 kwa muda mfupi. Ndiyo maana giaboksi nyingi huvunjika gari likianza kuondoka, wala si likiwa kwenye mwendo mkali.

Baada ya konveta huja seti za gia za sayari. Gia hizo hubadilishwa kwa klachi za sahani na bendi za chuma zinazobanwa kwa presha ya mafuta. Presha ikiwa ndogo kuliko toki inavyodai, klachi huteleza, na klachi inayoteleza huungua.

Giaboksi za kasi tatu

Kila moja ya kampuni tatu kubwa za Marekani ilikuwa na giaboksi yake nzito. Chrysler ilianza kutoa TorqueFlite mwaka 1956, na toleo lake la A-727 lenye kasha la alumini lilianza na modeli za 1962. Hilo ndilo lililofungwa pamoja na injini ya Hemi ya inchi za ujazo 426. Ford ilileta C6 mwaka 1966. General Motors ilianza kutumia Turbo-Hydramatic 400, kwa kifupi TH400, katika modeli za 1964 za Cadillac na Buick, na Pontiac GTO ikaipata mwaka 1967.

Uwiano wa gia za hizo tatu unakaribiana mno. TH400 ina 2.48 kwa gia ya kwanza, 1.48 kwa ya pili na 1.00 kwa ya tatu. C6 ina 2.46, 1.46 na 1.00, na A-727 ina 2.45, 1.45 na 1.00. Kwa hiyo mwenye gari la Chrysler au Ford hana sababu kubwa ya kuacha giaboksi ya kampuni yake kwa ajili ya TH400, ingawa TH400 ndiyo yenye sifa kubwa. Sifa hiyo ina msingi: Rolls-Royce, Jaguar na hata Ferrari waliinunua kwa magari yao, na jamaa yake wa karibu alifungwa katika magari ya kijeshi ya Humvee. Ubaya wake ni uzito. Sehemu zake zinazozunguka ni nzito pia, hivyo hula nguvu ya injini kuliko TH350, giaboksi nyepesi ya General Motors iliyokuja na modeli za 1969. Kwa injini ambayo haijaongezwa nguvu sana TH350 hutosha.

TH400 hupokea habari za mzigo wa injini kupitia mpira mwembamba unaovuta hewa kutoka injini. Injini iliyowekwa kemshafti kali ya mashindano huvuta hewa kidogo ikiwa inanguruma taratibu, na giaboksi hudhani kwamba dereva amekanyaga mafuta. Matokeo yake gia hubadilika kwa kishindo na kwa kuchelewa. Wengi hulaumu giaboksi na kuishusha, wakati tiba ni kurekebisha kile kifaa kidogo cha hewa.

Powerglide ya Chevrolet, iliyotengenezwa kuanzia 1950 hadi 1973, ina kasi mbili tu. Barabarani ni giaboksi hafifu. Katika mashindano ya mita 402 inapendwa sana, kwa kuwa ni nyepesi, hubadilisha gia mara moja tu, na gia yake ya kwanza ya 1.76 haiyafanyi matairi yateleze kirahisi kwenye gari lenye nguvu iliyopita kiasi.

Ovadraivu

Giaboksi za kasi tatu zina kasoro moja katika barabara kuu: gia ya mwisho ni 1.00. Gari lenye matairi ya kipenyo cha sentimita 67 na difu ya 3.73, likienda kilomita 110 kwa saa, huizungusha injini takriban mara 3,250 kwa dakika. Kelele ni nyingi na mafuta huisha haraka. Likipewa gia ya nne ya 0.75, mizunguko hushuka hadi karibu 2,440. Gia ya aina hiyo, yenye uwiano chini ya 1.00, huitwa ovadraivu, nayo ilienea Marekani baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973.

General Motors ilitoa tatu zinazofikiriwa mara nyingi. Ya 700R4 ilianza mwaka 1982, ikiwa na 3.06, 1.63, 1.00 na 0.70. Gia yake ya kwanza huliondoa gari kwa nguvu, lakini pengo kati ya ya kwanza na ya pili ni kubwa: injini iliyofika mizunguko 6,000 huanguka hadi karibu 3,200. Kwenye TH400 ingeanguka hadi karibu 3,580 tu. Ya 200-4R ya mwaka 1981 ina mapengo madogo zaidi, nayo ndiyo iliyotumika katika Buick Grand National yenye tabo ya miaka ya 1980.

Zote mbili zina kebo inayounganishwa na kabureta, na kebo hiyo ndiyo roho ya giaboksi. Kazi yake ni kupandisha presha ya mafuta kadiri dereva anavyokanyaga. Ikifungwa kwenye kabureta isiyo na mkono unaolingana nayo, au ikiachwa legevu, klachi za gia ya tatu na ya nne zinaweza kuungua katika safari ya kwanza.

Ya tatu ni 4L80-E, iliyoanza mwaka 1991. Ni mtoto wa TH400: gia zake tatu za kwanza zina uwiano uleule, ikaongezwa ya nne ya 0.75 na klachi ya kufunga konveta. Kwa gari zito lenye nguvu za farasi 600 na zaidi ambalo bado linaendeshwa barabarani, ndiyo chaguo lenye hoja nzuri zaidi. Lakini huendeshwa kwa umeme, kwa hiyo gari la kabureta huhitaji kompyuta ndogo ya pembeni na kihisi cha kukanyaga mafuta. Pia ni ndefu na nzito kuliko TH400.

Konveta na difu

Giaboksi haichaguliwi peke yake. Konveta hupimwa kwa idadi ya mizunguko ambapo huanza kuishikilia injini. Injini yenye kemshafti kali haina nguvu chini ya mizunguko 2,500 au 3,000, hivyo konveta ya kawaida huifanya ijikokote au izime taa inapowaka nyekundu na gari liko kwenye gia. Konveta ya mizunguko mingi huiacha injini ipande kwanza. Gharama yake ni utelezi, na utelezi ni joto.

Difu nayo hubadilisha hesabu yote. Gia ya kwanza ya 700R4 ikiunganishwa na difu ya 3.08 hutoa 9.4 kwa jumla, karibu sawa na TH400 yenye difu ya 3.73, ambayo hutoa 9.25. Mwenye gari anayebadilisha giaboksi bila kugusa difu ya 3.73 hupata 11.4, na matairi huteleza tu kila anapoondoka.

Joto

Mafuta ya giaboksi yakipata joto kupita kiasi hubadilika rangi kuwa kahawia, hunuka kama kitu kilichoungua na kuacha utando mgumu katika vali. Sili za mpira hukakamaa na presha hupungua. Kipoozi cha kiwandani kilicho ndani ya rejeta hakitoshi injini ikiongezwa nguvu na konveta ikiwa ya mizunguko mingi. Kipoozi cha nje na geji ya joto ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na kujenga upya giaboksi nzima.

Nafasi na thamani ya gari

Giaboksi ndefu huhitaji propela ifupishwe na boriti inayoishikilia isogezwe. Baadhi hudai sakafu ikatwe. Kwa gari ambalo bado lina injini na giaboksi za kiwandani zenye namba zinazolingana, ukataji huo hupunguza bei, na wenye busara huihifadhi giaboksi ya asili stoo hata kama haitumiki. Pia General Motors haikutumia mpangilio mmoja wa matundu ya boliti: injini za Buick, Oldsmobile na Pontiac zilikuwa na mpangilio tofauti na Chevrolet. Mwenye GTO anayenunua 4L80-E atahitaji bamba la kuunganishia.

Usalama

Giaboksi iliyopasuka inaweza kumjeruhi dereva, kwa kuwa hukaa karibu na miguu yake. Tarehe 8 Machi 1970, katika uwanja wa Lions huko California, giaboksi ya kasi mbili ya Don Garlits ililipuka na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Baada ya ajali hiyo alirudi na gari la mashindano lenye injini nyuma ya dereva, na mpangilio huo ukaenea.

Katika A-727 hatari inajulikana mahali ilipo. Klachi ya upande mmoja inayofanya kazi katika gia ya kwanza ikivunjika, dramu ya mbele inaweza kuzunguka zaidi ya mara mbili ya kasi ya injini na kupasuka. Kwa sababu hiyo mafundi wa mashindano huweka klachi imara zaidi inayofungwa kwa boliti na dramu ya chuma kigumu, na madereva huepuka kuunguza matairi katika gia ya kwanza. Chama cha mashindano cha NHRA hudai ngao ya giaboksi iliyothibitishwa kwa magari yanayofikia kasi kubwa, iwe ni la Chrysler, Ford au General Motors.