Uzamili wa tiba ya viungo Johannesburg: uliza hili kabla ya ada

Ndugu zangu, mtu akitaka uzamili wa tiba ya viungo au tiba kwa kazi hapa Johannesburg, swali la kwanza huwa ada. Mimi ningeanza kwingine: je, tayari una taaluma hiyo? Maana Marekani mwenye digrii ya saikolojia, tuseme, anaweza kuingia uzamili wa tiba kwa kazi na akatoka nayo. Afrika Kusini sivyo. Huku taaluma yenyewe hupatikana kwenye shahada ya kwanza ya miaka 4, ngazi ya 8 katika mfumo wao. Uzamili ni ngazi ya 9, wa kuongezea tu. Kwa hiyo mwenye stashahada ya miaka 3 ya KCMC Moshi, hata awe hodari vipi wodini, asikimbilie fomu za uzamili.

Ukishavuka hapo, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, pale Parktown, kina njia mbili: tasnifu tupu, au masomo ya darasani pamoja na ripoti ya utafiti. Anayerudi nyumbani kufundisha chuoni, tasnifu inamfaa. Anayetaka kushika wagonjwa wa kiharusi aende darasani, ila akigusa mgonjwa tu, hata kwa mafunzo, lazima awe amesajiliwa na HPCSA, baraza lao la fani za afya. Usajili huo una safari ndefu ya vyeti, na watu huuacha mwisho (sijui kwa nini). Basi mwandikie mkuu wa kozi mapema: nitaona wagonjwa au la? Jibu lije kwa maandishi.