Barua ya Kuomba Kazi: Kazi ya Ufuoni Pia ni Uzoefu

Kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Katika miezi hiyo minne, vijana wa Luanda Kotieno na fuo nyingine za Uyoma hutafuta riziki kwingine, na baadhi yao huomba nafasi zinazotangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Mara nyingi vyeti huambatanishwa vyote, lakini barua huwa ya mistari mitatu inayosema tu kwamba mwombaji anahitaji kazi.

Barua kama hiyo humnyima mwombaji nafasi ya kujieleza. Wanaochagua watakaoitwa kwa mahojiano hulinganisha maombi na masharti yaliyo kwenye tangazo. Hawamjui mwombaji, wala hawatampigia simu kumuuliza alichosahau. Jambo lisiloandikwa haliwezi kuhesabiwa.

Kusoma tangazo kwanza

Kabla ya kuandika, mwombaji anafaa kupigia mstari mambo manne katika tangazo: jina la nafasi na nambari yake ya kumbukumbu, masharti ya elimu na uzoefu, majukumu ya kazi, na siku ya mwisho ya kupokea maombi. Barua moja iliyonakiliwa kwa nafasi tano tofauti hutambulika haraka, kwa kuwa haijibu masharti ya nafasi hata moja.

Katiba inatambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, matangazo mengi hutolewa kwa Kiingereza, na ni salama barua kufuata lugha ya tangazo. Maneno rahisi yanatosha.

Mpangilio wa barua

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Juu huwekwa anwani ya mwombaji, nambari ya simu inayopatikana na tarehe, kisha anwani ya anayeandikiwa jinsi ilivyo kwenye tangazo. Baada ya salamu hufuata kichwa chenye jina la nafasi na nambari ya kumbukumbu.

Aya ya kwanza hutaja nafasi inayoombwa na mahali ilipotangazwa. Aya ya pili, ambayo ndiyo moyo wa barua, huonyesha jinsi mwombaji anavyotimiza masharti. Aya ya tatu hueleza kwa ufupi kwa nini anaifaa kazi hiyo na lini anaweza kuanza. Mwisho ni sahihi na majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Ushahidi badala ya sifa

Waombaji wengi hujisifu kuwa waaminifu na wachapakazi. Sifa hizo zinaweza kuandikwa na yeyote, kwa hivyo hazimtofautishi mtu na mwingine. Kinachosaidia ni kueleza kazi iliyofanywa, mahali, muda na matokeo.

Tuseme imetangazwa nafasi ya karani wa mapato. Kijana aliyesaidia BMU ya ufuo wake kupima samaki na kutunza daftari anaweza kudhani hana uzoefu wowote kwa sababu hakuwahi kuajiriwa ofisini. Barua yake inaweza kusema hivi:

“Kwa miaka miwili nimekuwa nikipima samaki wanaoshushwa ufuoni na kuandika uzito na bei katika daftari la BMU. Kila jioni nalinganisha daftari na pesa zilizopokelewa kabla ya kuzikabidhi kwa mweka hazina. Mwenyekiti wa BMU amekubali kuwa mdhamini wangu.”

Sentensi hizo tatu zinaonyesha hesabu, utunzaji wa kumbukumbu na uaminifu bila kutumia neno “mwaminifu”. Vivyo hivyo, aliyekata tiketi kivukoni, aliyekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama au aliyehudumu kama mhudumu wa afya wa jamii ana jambo la kueleza. Muhimu ni kwamba liwe kweli, kwa sababu ataulizwa kulihusu kwenye mahojiano na mdhamini wake anaweza kupigiwa simu.

Vyeti na siku ya mwisho

Mwombaji aambatanishe stakabadhi zilizotajwa na tangazo pekee, na ahakikishe jina lake linafanana kwenye kitambulisho, vyeti vya shule na barua. Jina likitofautiana, aeleze sababu kwa sentensi moja. Pia atazame kama vyeti vya maadili, ushuru na mikopo vinahitajika sasa au baadaye, ili asigharimike mapema bila sababu. Ombi linalofika baada ya siku ya mwisho linaweza kukataliwa hata likiwa bora.

Haki za mwombaji

Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka ajira za umma zizingatie ushindani wa haki na uwezo wa mtu, pamoja na nafasi sawa kwa wanawake, wanaume, jamii zote na watu wenye ulemavu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka Bodi kutangaza nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo. Asiyeridhika na uamuzi wa Bodi anaweza kukata rufaa kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90.

Hakuna mtu anayefaa kulipia kazi ya umma. Chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia. Mkazi akiombwa pesa ili jina lake “lipitishwe”, apige ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, kupitia nambari 1551 bila malipo.

Wakazi wasio na intaneti wanaweza kuuliza kuhusu nafasi zilizotangazwa katika ofisi ya msimamizi wa wadi yao. Kabla ya kutuma barua, ni vyema mtu mwingine aisome na kusema ni kazi gani inayoombwa na kwa nini mwombaji anaifaa. Akishindwa kujibu, barua iandikwe upya.